Mgeni Asimmalizie Mwenyeji Maji

Sisi wakazi wa Milimani, Kisumu, tumezoea ziwa la maji baridi. Nilipokwenda Loiyangalani, Marsabit, mara ya kwanza kuhudhuria Tamasha la Ziwa Turkana, lililoanza mwaka 2008, nilidhani maji hayatanisumbua. Kumbe ziwa lile lina magadi! Usiku nao upepo nusura uling'oe hema langu. Mama mmoja Mturkana alinionyesha namna ya kulikandamiza kwa mawe, kisha akanigawia maji yake ya kunywa. Nilishukuru, lakini niliona haya. Hatuwezi kushangilia ngoma za Waelmolo na Warendile huku tukiwapunguzia chemchemi yao. Kila mgeni abebe maji ya kumtosha, na waandalizi walitangaze sharti hilo mapema.