Mchezaji wa chuo naye ni mwanafunzi

Muhula uliopita nilisafiri na timu ya chuo wiki nzima. Narudi, tesiti imeshapita, na mwalimu wa kozi ananiambia, "Mpira uliuchagua mwenyewe." Nina kariova. Picha yetu na kombe iko ukumbini mpaka leo.

Ndiyo maana habari za Fritz Pollard zilinigusa. Alizaliwa Chicago mwaka 1894, na mwaka 1915 akaingia Chuo Kikuu cha Brown kucheza mpira wa Kimarekani. Pesa alijitafutia kwa kupiga pasi, siyo zile za uwanjani, ni suruali za wanafunzi wenzake. Januari 1, 1916 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kukimbia na mpira kwenye mechi ya Rose Bowl. Baadaye mwaka huohuo Brown ikazipiga Yale na Harvard ndani ya msimu mmoja, yeye akiwa tegemeo. Wapinzani walikuwa wanamrukia akiwa chini kusudi wamuumize, akazoea kugeuka chali haraka na kuinua njumu juu. Anayetaka kumlalia, aje!

Kisha akabaki nyuma kimasomo, akakosa sifa ya kuchezea chuo, akaondoka bila shahada. Brown ilimpa shahada ya heshima mwaka 1981. Jamani, ana miaka 87!

Najua kuna atakayesema mbona alitoboa. Ni kweli, alifundisha timu ya Lincoln University kule Pennsylvania, na mwaka 1921 akawa kocha wa Akron, Mweusi wa kwanza kufundisha timu kwenye ligi ambayo leo ni NFL. Lakini hukohuko Akron alivalia jezi kwenye kiwanda cha sigara cha mmoja wa wenye timu. Na kuanzia 1934 hadi 1945 ligi hiyo haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja. Kocha mkuu Mweusi aliyefuata, Art Shell, alipatikana mwaka 1989. Kazi ya mpira ndivyo ilivyo, mlango unafungwa hata kwa aliyeufungua.

Kwa hiyo naiomba serikali ya wanafunzi ipeleke hoja Seneti: mwenye barua ya safari ya timu afanyiwe tesiti yake ndani ya wiki mbili baada ya kurudi. Kariova yangu nitaibeba mwenyewe. Naongelea wanaosafiri mwezi ujao.