Kabla ya Kukubali Kibarua, Ulizia Barua

Kuna methali ambazo mtu asiye na kazi huzisikia mara nyingi kuliko salamu. Mchagua jembe si mkulima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Aghalabu wanaozitamka ni watu wenye mishahara, nao huzitamka wakiwa wameshiba. Sina ugomvi na methali zenyewe. Ugomvi wangu ni na matumizi yake, kwani siku hizi zimegeuzwa fimbo ya kumchapia kijana aliyehitimu, ambaye ameitiwa kazi ya miezi mitatu kwa ujira usiozidi sana nauli, naye akasita kidogo kabla ya kuitikia. Kusita huko huitwa kiburi cha shahada.

Upande wa pili wapo washauri wa namna nyingine. Hawa humwambia asikubali asilani. Kwamba atajishushia hadhi, kwamba akianza na shilingi 12,000 atabaki papo hapo hadi mvi zimwote, na kwamba kila anayepokea ujira duni anawaharibia wenzake soko. Hoja hii ya mwisho ina uzito wake, nami nitairejelea. Lakini hawa nao, sawa na wale wa methali, hawatakuwapo mwenye nyumba atakapobisha mlango mwisho wa mwezi.

Swali hili limenifikia mara nyingi katika miaka ya hivi karibuni kwa sababu ya kazi niifanyayo. Wanafunzi wengi niliowafundisha isimu walisomea ualimu, Kiswahili pamoja na somo jingine, na baada ya mahafali wakarudi nyumbani kuingoja Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Wamengoja miaka miwili, mitatu, hata mitano, ilhali mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) hauwangoji. Kisha siku moja hupiga simu. Nafasi imetokea katika shule ya binafsi, ni ya muhula mmoja tu, kumshikia mwalimu aliye katika likizo ya uzazi, na mshahara ni ule ambao mtu huutaja kwa sauti ya chini. "Mwalimu, niende au nisiende?"

Sijibu ndiyo wala la kabla ya kuchukua kalamu. Tuseme shule i Nairobi na ujira ni shilingi 12,000. Tuseme tena kwamba nauli ya matatu, kwenda na kurudi, ni shilingi 200 kwa siku, na chakula cha mchana, cha kutuliza njaa tu, ni shilingi 100. Kwa siku 22 za kazi hizo ni shilingi 6,600. Zimesalia 5,400. Hapo hatujataja viatu, wala sabuni, wala chumba. Kwa kijana anayekaa kwa dada yake bila kulipa kodi, hizo 5,400 ni fedha. Kwa mwenzake aliyepanga chumba na mwenye mtoto wa kulea, kazi hiyo itakuwa inamdai kila mwezi badala ya kumlipa, naye atakopa kwa majirani ili aendelee kwenda kazini. Ujira ni mmoja, majibu ni mawili, na ndiyo maana simwamini mtu anayetoa ushauri mmoja kwa wote.

Inafaa pia kukumbuka kwamba kiwango cha chini cha mshahara kilichoanza kutumika Novemba 2024 kwa wafanyakazi wa kundi la wafagiaji, watunza bustani na matarishi katika jiji la Nairobi kilikuwa shilingi 16,113 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Kwa hivyo shule inayompa mwenye shahada shilingi 12,000 kwa kazi ya kutwa inamlipa chini ya kile ambacho sheria inaitaka imlipe anayeifagia. Sisemi haya kwa dharau ya mfagiaji. Nasema kwa kuwa mwenye shule huyo, ukimuuliza, atakwambia kwamba amemfanyia kijana hisani.

Baada ya fedha huuliza saa. Kutafuta kazi nako ni kazi, na yahitaji siku ya kusafiri kwenda kwenye mahojiano, na jioni ya kuandika maombi. Shule inayomtaka mwalimu awe kituoni kabla ya jua kuchomoza, amalize magharibi, na arudi Jumamosi, haijanunua masomo yake tu. Imenunua pia nafasi yake ya kutoka.

Lakini swali ambalo huliweka mbele ya yote haya ni la tatu, na hapa msomaji aniwie radhi nikiingia kidogo katika taaluma yangu. Mtu wa kawaida husema ajira, ujira na mshahara kana kwamba ni majina matatu ya jambo moja. Ajira na ujira ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, kwa hivyo lugha yenyewe haiijui ajira isiyo na malipo. Mshahara ni mgeni kidogo katika familia hiyo. Umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Mwenye mshahara ni mtu aliyeahidiwa mwezi mzima. Mwenye ujira huenda ameahidiwa leo tu.

Kisha lipo neno kibarua. Wakenya wamelizoea hata wanahabari wa michezo humwandikia kocha wa timu kubwa, anayelipwa mamilioni, kwamba kibarua chake kimeota nyasi. Asili yake haina mzaha huo. Kibarua ni barua ndogo. Katika pwani yetu, mtu wa kazi ya kutwa alikuwa akipewa kijikaratasi kuonyesha kwamba amefanya kazi siku hiyo, naye alikirudisha alipolipwa. Baadaye jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe. Katika Unguja ya karne ya 19 wengi wa vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao iliishia mikononi mwa mabwana zao. Jambo linalonishangaza ni kwamba hata katika zama hizo za giza mfanyakazi wa siku moja alikuwa na karatasi mkononi. Mwalimu wa muda wa leo, mwenye shahada ya kwanza na pengine ya uzamili, mara nyingi hana. Aliitwa kwa simu, akaonyeshwa darasa, akakabidhiwa chaki.

Basi swali langu la tatu ni hili: watakupa barua?

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 si ngumu kuisoma kama wengi wanavyodhani. Kifungu cha 9 kinasema kwamba mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi sharti uandikwe, na wajibu wa kuuandikisha ni wa mwajiri. Kifungu cha 37 kinamtazama kibarua, yule ambaye kisheria hulipwa kila siku na haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, sheria humhesabu kuwa mtu anayelipwa kwa mwezi. Na akitimiza miezi miwili mfululizo tangu siku ya kwanza, anastahili masharti ambayo angeyapata chini ya sheria hiyo kama asingeanza kwa kibarua. Kwa maneno mengine, bunge letu liliugeuza ujira kuwa mshahara kwa kalamu, jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulisoma bila kutabasamu. Kifungu cha 51 kinampa kila aliyefanya kazi kwa majuma manne mfululizo au zaidi haki ya cheti cha utumishi wakati wa kuondoka, chenye jina la mwajiri, aina ya kazi, na tarehe za kuanza na kumaliza. Mwajiri halazimiki kumsifu. Analazimika kukiri kwamba alikuwapo.

Kukiri huko kuna thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Nilipomaliza shahada ya uzamifu, nilifundisha kwa muda katika chuo kimoja ambako tulilipwa kwa kila kozi. Malipo ya muhula wa kwanza yalifika muhula wa tatu ukiwa karibu kwisha. Nilibeba mitihani ya wanafunzi zaidi ya mia mbili katika mfuko wa plastiki, nikaisahihisha kwa mshumaa pale stima ilipokatwa kwa sababu ambayo msomaji anaikisia. Hata hivyo kila muhula nilidai barua ya uteuzi yenye majina ya kozi na idadi ya saa, na karani wa idara alikuja kunijua kwa usumbufu huo. Nilipoitwa kwenye mahojiano ya kazi niliyo nayo leo, wale wazee waliokaa upande wa pili wa meza hawakuniuliza nililipwa kiasi gani. Walizisoma barua. Mwenzangu mmoja, mwalimu hodari kuniliko, alifundisha papo hapo kwa miaka tisa bila kumiliki hata ukurasa mmoja wenye mhuri. Alipoondoka, ilikuwa kana kwamba hakuwahi kuingia.

Sasa niirejelee ile hoja ya kuharibu soko. Mwaka wa 2023 serikali ilichukua maelfu ya walimu wa sekondari msingi kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Walikuwa walimu waliosajiliwa, waliofundisha vipindi sawa na wengine, na wale wa mwanzo waliongezewa mwaka wa pili juu ya ule wa kwanza. Wengi tuliona kwamba huo haukuwa uanagenzi bali ajira kamili iliyovishwa nguo fupi. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba TSC haikuwa na mamlaka ya kuwatumia walimu waliosajiliwa kwa njia hiyo. Mei wengi wao waligoma. Januari 2025 wapatao 46,000 wakaingizwa katika ajira ya kudumu, na mapema mwaka huo huo wanagenzi wapya wapatao 20,000 wakachukua mahali pao.

Kuna wanaosoma kisa hicho kama ushahidi kwamba aliyekubali kidogo alifanya vyema, na aliyekataa mwaka wa 2023 akaachwa nje ya lango. Siwezi kuwabishia kwa idadi hizo. Ila naona jambo jingine pia. Walimu wale waliweza kugoma kwa sababu walikuwa wengi, na kwa sababu kila mmoja alikuwa na mkataba wa kuonyesha.

Hali kadhalika madaktari wanagenzi. Mkataba wa mwaka wa 2017 uliwatengea takriban shilingi 206,000 kwa mwezi. Mwaka wa 2024 serikali ikataka wapokee 70,000. Walikataa. Mgomo wa madaktari ulianza Machi mwaka huo na kuendelea kwa siku 56, na Desemba serikali ikakubali kurudi kwenye kiwango cha mkataba. Kukataa kwao kulikuwa na chama nyuma yake na karatasi iliyotiwa sahihi mbele yake. Kijana mmoja wa Kakamega au Kilifi anayekataa shilingi 12,000 peke yake hana kimojawapo. Shule itampigia simu anayemfuata katika orodha kabla ya chai ya saa nne. Kumtaka yeye alinde soko la walimu wote kwa njaa yake ni kumbebesha mtu mmoja mzigo ambao vyama, mahakama na bunge vimekuwa vikiukwepa. Anayetaka ujira upande na awaandame wenye shule na maafisa wa leba wanaopaswa kuwakagua, amwache mtoto wa watu ale.

Hata hivyo kuna kazi ambayo humwambia mtu aikatae hata kama ana dhiki. Ni ile inayoitwa ya muda lakini haina muda. Neno muda katika Kiswahili hubeba kipimo. Lina mwanzo na lina ukomo. Mwajiri anayekwambia "anza kwanza, tutaona" amelichukua neno akaliacha kipimo chake mlangoni. Muulize inaisha lini. Kama ni mwalimu aliye katika likizo ya uzazi, tarehe yake ya kurudi inajulikana. Kama jibu ni kwamba nafasi iko wazi tangu mwaka juzi na imepitiwa na watu watano, hapo hakuna kazi ya muda. Pana kazi ya kudumu na watu wa muda, na wewe utakuwa wa sita.

Juma lililopita alinijia msichana niliyemfundisha fonolojia. Yuko nyumbani mwaka wa tatu sasa. Ameitwa shule iliyo mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu kutoka kwao, muhula mmoja, ujira mdogo. Tuliandika hesabu nyuma ya bahasha: nauli hakuna, chakula atakula nyumbani, Jumamosi ni yake. Nilimwambia aende. Kilichokuwa kikimtia hofu ni ile barua. Aliuliza kama mwalimu mkuu hatamwona mfidhuli, na kama si afadhali asubiri wazoeane kwanza. Nilimwambia aiombe siku ya kwanza, ofisini, kabla hajaonyeshwa darasa.