Mtoto asiyetulia darasani: tuulize ilianza lini

Tangu masomo ya msingi yawe ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na mtoto asiyetulia anaitwa mkaidi tu. Anachapwa ao anapelekwa kwenye maombi. Lakini upungufu wa umakini ni tatizo la ukuaji wa ubongo. Dalili huanza kabla ya miaka 12, hudumu miezi 6 na zaidi, nyumbani na shuleni pia: anapoteza madaftari, anaacha kazi katikati, anajibu kabla swali halijaisha. Msichana anayewaza mbali, kimya kule nyuma, hatumwoni kabisa.

Hapa Kivu kuna swali zaidi: alikuwa hivyo mbeleni, ao alibadilika baada ya kukimbia vita? Hofu nayo inaondoa usingizi na utulivu. Mzazi ndiye anajua. Mwalimu amwite, amuulize, kabla ya kushika fimbo.