Mshumaa haunukii? Usikimbilie kuongeza manukato

Kuna lalamiko ambalo nimelisikia mara nyingi kutoka kwa akina mama na vijana waliojitosa katika kazi ya kutengeneza mishumaa ya nta ya soya majumbani mwao. Husema hivi: "Manukato nimeweka ya kutosha, na mshumaa ukiwa haujawashwa wanukia vizuri. Lakini nikiuwasha chumbani, harufu haisikiki." Na dawa wanayoijua ni moja tu, nayo ni kuongeza manukato. Kisha kuongeza tena.

Maoni yangu, msomaji, ni kwamba dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Inakumalizia fedha, inauharibu mshumaa, na, jambo ambalo ndilo linalonifanya niandike katika ukurasa huu wa afya, yaweza kumdhuru yule uliyemtengenezea.

Nasema haya nikiwa mkosaji. Nilianza kazi hii jikoni mwangu kwa sufuria mbili na glasi chache. Siku moja, baada ya kushinda mchana kutwa nikiyeyusha nta na kupima mafuta ya manukato, niliwasha mshumaa mmoja niujaribu. Sikusikia kitu. Nikaiyeyusha nta upya, nikaongeza manukato karibu maradufu, nikanusa, bado nikaona ni hafifu. Hata hivyo nilimpelekea mdogo wangu kama zawadi.

Usiku wa siku ya tatu alinipigia simu. Mwanawe wa miaka sita, ambaye ana pumu, alikuwa akikohoa tangu jioni na kifua kinalia filimbi. Walimpa inhela yake asipate nafuu, wakamkimbiza kliniki. Muuguzi aliyewapokea aliuliza, "Ni kitu gani kipya kimeingia nyumbani wiki hii?" Mdogo wangu alinieleza kwa upole: "Dada, mshumaa wako tumeuzima. Tukitoka nje na kurudi ndani, harufu yake inatukaba koo."

Mtoto alipata nafuu, namshukuru Mungu. Siwezi kuapa kwamba ni mshumaa peke yake uliomletea shida hiyo, kwani pumu huamshwa na mambo mengi. Lakini swali moja lilinikosesha usingizi. Ilikuwaje mshumaa ule ule niliosema haunukii uwakabe wengine koo?

Jawabu ni pua yangu. Pua ya binadamu huzoea harufu kwa muda wa dakika chache tu, kisha huacha kumjulisha mwenyewe kwamba ipo. Ndiyo sababu mwenye nyumba hasikii harufu ya nyumba yake, ilhali mgeni huisikia pale mlangoni. Mtu aliyeshinda jikoni na chupa za manukato hawezi kuwa hakimu wa mshumaa wake. Ukitaka kujua nguvu ya harufu, washa mshumaa kwenye chumba kingine, toka nje upunge upepo kwa nusu saa, kisha urudi. Bora zaidi, mwite jirani ambaye hakuwa nawe.

Iwapo jirani naye asema harufu ni hafifu, hapo ndipo utafute kosa. Aghalabu kosa haliko kwenye chupa ya manukato.

Kwanza ni kipimo. Nta nyingi za soya huchukua manukato kiasi cha asilimia 6 hadi 10 ya uzito wake. Yaani kilo moja ya nta yahitaji gramu 60 hadi 100, wala si zaidi. Pima kwa mizani, usipime kwa kijiko wala kwa macho, na ufuate maagizo ya aliyeitengeneza nta hiyo, kwa kuwa nta hazifanani. Ukizidisha, nta hushindwa kuyashika mafuta. Mengine hutuama chini ya glasi, mengine hutoka juu kama jasho. Utambi nao huziba, moto ukatoa masizi, na yale mafuta yaliyoelea juu yaweza hata kushika moto.

Pili ni joto. Wengi hutia manukato wakati nta imeanza kupoa wakidhani wanayahifadhi. Kwa nta nyingi za soya, joto lifaalo kutia manukato ni karibu nyuzi 80 hadi 85 za Selsiasi. Koroga polepole kwa muda wa dakika mbili kamili ili mafuta yashikane na nta, kisha acha mchanganyiko upoe kabla ya kuumimina kwenye glasi. Nunua kipimajoto, hutakijutia. Tena usiweke sufuria ya nta moja kwa moja juu ya moto. Iweke ndani ya sufuria nyingine yenye maji, nawe usiondoke hapo. Nta ikishika moto, zima jiko na uifunike kwa kifuniko. Usiimwagie maji kamwe.

Tatu ni subira. Mshumaa wa soya si chapati ya kuliwa ikitoka kwenye moto. Nta hii huendelea kukaza na kujipanga kwa siku nyingi baada ya kuganda, na harufu yake hukomaa wiki moja hadi mbili baadaye. Mtu anayemimina Jumatatu na kuujaribu Jumanne, kisha akaongeza manukato Jumatano, amejihukumu kabla ya kesi kusikizwa. Haraka haraka haina baraka.

Nne, na hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, ni utambi. Watu hudhani kwamba mwali wa moto ndio unaotoa harufu. Sivyo. Harufu hutoka kwenye kile kidimbwi cha nta iliyoyeyuka kuuzunguka utambi. Utambi ukiwa mwembamba mno, moto huchimba shimo katikati na kuacha nta nzima kandokando. Kidimbwi kikiwa kidogo, harufu nayo huwa kidogo, hata ungetia chupa nzima. Kwa glasi yenye upana wa sentimita 7 au 8, nta yapaswa kuyeyuka hadi kwenye kingo baada ya saa tatu hivi. Isipofika, badilisha utambi kabla ya kuyagusa manukato. Kwa upande mwingine, utambi mnene mno huchoma glasi na kutoa moshi mweusi.

Tano ni aina ya manukato. Tumia mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya mishumaa. Marashi ya kujipulizia mwilini yana spiriti, nayo hushika moto upesi. Jua pia kwamba harufu ya limau na chungwa huruka haraka, ilhali ya vanila, mdalasini na karafuu hudumu. Limau lisipovuma kama karafuu, hilo si kosa lako. Ndilo umbile lake.

Najua kuna atakayenijibu kwamba wateja wanataka harufu kali, na kwamba mshumaa usiovuma hadi kwa jirani haununuliwi. Naielewa hoja hii, maana nami nimewahi kusimama nyuma ya meza ya kuuzia nikamwona mnunuzi akinusa glasi na kuirudisha. Watu wanalipa karo kwa kazi hii. Lakini mteja anayenusa mshumaa mezani hunusa mara moja. Yule atakayeishi nao ataivuta hewa hiyo jioni nzima, tena katika chumba ambacho pengine madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu na baridi.

Hapa ndipo tunapodanganyana kwa neno "asilia". Ni kweli soya ni mmea, na ni kweli kwamba mshumaa wa soya uliotengenezwa vyema hutoa masizi machache. Hata hivyo, hakuna kitu kinachowaka pasipo kutoa chembechembe na gesi. Manukato nayo, hata yale yaliyokamuliwa kutoka kwa maua na maganda ya matunda, ni kemikali zinazoingia mapafuni. Ile inayotoa harufu ya machungwa, kwa mfano, ikikutana na ozoni iliyomo hewani huweza kuzaa fomaldehaidi, gesi inayowasha macho na koo. Mtu mwenye afya huenda asihisi lolote. Mwenye pumu, mwenye kuumwa kichwa cha upande mmoja, mama mjamzito anayechefukwa na kila harufu, na mtoto mchanga, hao ndio watakaolipa gharama ya ushindani wetu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020. Vifo hivyo vyatokana hasa na moshi wa kuni, makaa na mafuta ya taa, wala sisemi kwamba mshumaa mmoja ni sawa na jiko la kuni. Nasema tu kwamba katika nyumba ambayo tayari ina jiko la makaa, hakuna haja ya kuyaongezea mapafu mzigo mwingine.

Tena kuna hatari ambayo ni wachache wanaoifikiria. Gesi ya kupikia hutiwa harufu mbaya makusudi ili ikivuja tuitambue. Nyumba iliyojaa vanila na mdalasini yaweza kumficha mwenyewe harufu hiyo, na katika nyumba hiyo hiyo kuna mwali unaowaka. Usiwashe mshumaa karibu na mtungi wa gesi, na ukishuku harufu yoyote ya gesi, usiwashe chochote.

Wenzetu wa pwani wametumia udi na ubani tangu jadi, nao wana la kutufunza. Chetezo hupitishwa chumbani, nguo zikafukizwa, kisha kikaondolewa. Harufu inayobaki ni ile iliyoshika kwenye kanga na mapazia. Hakuna anayelala na chetezo kikifuka kitandani. Mshumaa nao uwe hivyo: uwashe saa moja au mbili, usizidi nne, dirisha likiwa wazi kidogo. Kata utambi ubaki nusu sentimita kila kabla ya kuwasha. Uzime kabla hujalala.

Nawe unayetengeneza, andika kwenye glasi kiasi cha manukato uliyotia, na uonye kwamba mwenye pumu ajihadhari. Kuna watakaosema unajiharibia soko. Mimi nasema mteja atakayerudi ni yule ambaye wanawe walilala vyema. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Siku hizi natia asilimia 7, naacha mishumaa kabatini wiki mbili, na ninayemwita kuinusa ni jirani. Kwa mdogo wangu sipeleki tena mshumaa. Napeleka matunda.