«Barabara iko wazi»: wazi kwa nani?

Kuna neno moja ambalo viongozi wetu wanalipenda sana: «Barabara ya taifa nambari 4 iko wazi.» Sisi wa redio tunaombwa tulitangaze. Juma hili nilikuwa na kazi Bunia, nikatoka Beni kwa gari, peke yangu, safari ya kilometa karibu 200. Nasema hivi: neno hilo lisipite kwenye redio bila swali.

Mpaka Oicha, mpaka Eringeti, ilikuwa safari ya kawaida, mashimo na vumbi. Mambo yanaanza Luna, pale Kivu ya Kaskazini inapopakana na Ituri. Hapo unangoja msafara unaosindikizwa na jeshi. Nilingoja karibu saa tatu, nikila ndizi za kuchoma katikati ya malori na mabasi. Ukiwa peke yako ndani ya gari, kila mtu anakuuliza kwa nini. Mwanajeshi mmoja aliangalia viti vyangu vitupu kwa muda mrefu kuliko karatasi zangu.

Msafara ukiondoka ni mbio. Hakuna kusimama, hata kama umechoka. Ofaye, Ndalya, Idohu: nyumba nyingi milango imefungwa, nyingine mabati yametolewa, majani yamepanda mpaka dirishani. Pembeni niliona akina mama wachache wenye mizigo kichwani wakiingia porini ili magari yapite. Sisi tulikuwa na askari mbele na nyuma. Wao walipata vumbi letu.

Sisemi msafara hauna faida. Umeokoa watu, na kuna wanajeshi waliokufa kwenye njia hiyo. Lakini unalinda chenye matairi, kwa muda kinapopita. Baadaye pori linabaki lilivyokuwa. Hali ya dharura ya kijeshi ipo Ituri na Kivu ya Kaskazini tangu tarehe 6 Mei 2021, na bado mwezi wa Julai 2025 ADF waliua waamini waliokuwa katika kanisa katoliki la Komanda. Komanda iko kwenye barabara hiyohiyo tunayoambiwa iko wazi.

Ni hapo Komanda nilipozungumza na mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Ndalya. Anaishi kwa jamaa, watu wengi ndani ya vyumba viwili. Nilipomwambia nimefika na msafara, aliniuliza: «Papa, huo msafara wenu ulifika shambani kwangu?» Shamba lake liko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka barabarani. Kakao yake inaiva. «Kuna mtu anaivuna,» alisema, «ila si mimi.»

Neno hilo lilinikaa kichwani, kwa sababu tulikuwa tumepishana na malori yanayoshuka Beni, yamejaa mbao na magunia ya kakao. Wenye mashamba wengi wako kambini, na kakao inasafiri kwa ulinzi! Huenda mengine ni mali halali kabisa. Lakini sikuona mtu akiuliza gunia limetoka shamba gani. Kwenye vizuizi nilivyovuka waliniuliza tu nimebeba nini na nitaacha kiasi gani. Kimoja waliniomba faranga 5 000 «ya maji», risiti hakuna. Kwenye hichohicho kijana wa miguu mwenye kifurushi cha mihogo alitoa 500. Mihogo yenyewe ingemletea ngapi?

Kutoka Komanda zilibaki kilometa 75, nikafika Bunia giza likianza kuingia.

Wahami wanaosikia «iko wazi» wanaanza kufunga mizigo. Wengine wanaambiwa msaada wa chakula utapunguzwa kwa sababu sasa wanaweza kurudi. Kwa hiyo kiongozi atakayeniletea tangazo hilo nitamuuliza mbele ya mikrofoni: mtu wa miguu anaweza kutoka barabarani kwenda shambani kwake na kurudi jioni, bila askari na bila kulipa? Na magunia ya kakao yanayopita Luna, nani anaandika yametoka wapi? Nitatangaza swali, na nitatangaza jibu lake jinsi atakavyolitoa.