Buti Zisipoingia Mguuni

Mguu wa mtu mzima haukui tena. Basi askari aliyezoea buti namba 41, akarudi ghalani kuomba 43, na baada ya miaka michache 45, hastahili kufanyiwa mzaha kambini. Astahili kupelekwa kwa daktari. Huenda pete ya ndoa imembana, kofia haimtoshi, meno yameachana, sauti imekuwa nzito, na mkewe hapati usingizi kwa mkoromo wake. Mabadiliko hayo huja polepole mno hata waishio naye wasiyatambue. Aghalabu hutambuliwa na ndugu arudiye Palma baada ya miaka mingi.

Maradhi hayo huitwa akromegali. Chanzo chake mara nyingi ni uvimbe mdogo, usio saratani, katika tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ambayo ukubwa wake ni kama wa punje ya kunde. Homoni ya ukuaji huzidi kipimo, na mwishowe sukari hupanda, shinikizo la damu hupanda, moyo huchoka. Ikizidi tangu utotoni, mtoto huwa jitu. Msumbiji yamkumbuka Gabriel Estêvão Monjane wa Manjacaze, jimbo la Gaza, aliyefikia sentimita 245.7, na mwaka 1988 akaandikwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa mrefu kuliko watu wote waliokuwa hai. Watu walilipa kumtazama. Alifariki Januari 1990, baada ya kuanguka.

Dawa iitwayo oktreotaidi iliidhinishwa Marekani mwaka huohuo wa 1988, ingawa si kwa maradhi hayo kwanza. Ilidungwa chini ya ngozi mara tatu kwa siku. Na ni askari gani wa doria awezaye hilo? Mwaka 1998 ikaidhinishwa huko ile ya kudumu: chembechembe ndogo mno hudungwa ndani ya msuli wa tako, zikatoa dawa polepole kwa majuma manne. Upasuaji kupitia puani ndio hutangulia ikiwezekana. Sindano hufuata uvimbe usipoondoka wote. Hupunguza homoni, lakini hairudishi taya lililokwisha kukua, nayo yaweza kuleta kuhara na vijiwe vya nyongo.

Ni dawa ghali, na hutunzwa ndani ya jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Mocímboa da Praia ilipotekwa Agosti 2020, na Palma iliposhambuliwa Machi 2021, watu walikimbilia Pemba kwa miguu na kwa mashua. Hakuna abebaye jokofu mashuani. Lakini karatasi hubebeka: jina la dawa, kipimo, na tarehe ya sindano ya mwisho. Na ifungwe pamoja na vitambulisho vya familia, ili daktari wa Pemba, au wa Mtwara ng'ambo ya Ruvuma, asilazimike kuanza upya huku homoni ikipanda. Mke wa askari na aishike tarehe hiyo kama aishikavyo ya mshahara.