Walikale na Masisi: jina lisipoandikwa, kitu kinabaki bila mwenyewe

Kule New York na London, kuna watu wanaolipa feza nyingi juu ya karatasi ya programu ya mchezo wa zamani wa kuimba na kuchekesha, kama iko na saini ya mchezaji. Karatasi yenyewe haina bei kubwa. Saini ndiyo inaonyesha ni nani aliyecheza.

Huku kwetu michezo ya kuimba na kuchekesha iko tangu zamani. Katika teritware ya Walikale, Wanyanga wana hadisi ya Mwindo, mtoto wa Shemwindo, aliyezaliwa akishika conga mkononi, ile fimbo ya mkia wa mnyama. Msimuliaji hasimulii tu. Anaimba, anacheza, anatingisha kibuyu, anaigiza kila mtu. Wasikilizaji wanaitikia, wanacheka, wanamtolea zawadi.

Mwaka 1956, Shekarisi Candi Rureke aliifanya kazi hiyo kwa siku 12 mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969. Kwenye jalada kuna jina la Biebuyck na la Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe. Jina la Rureke liko ndani. Bila yale maandishi, leo tusingejua sauti ile ilikuwa ya nani. Vitu vingi vya Kongo vilivyo katika makumbusho ya Ulaya, kama ile ya Tervuren, havina hata jina la aliyevitengeneza.

Vita inaongeza hatari. Mwezi wa 3 mwaka 2025 M23 iliingia Walikale-centre, ikaondoka mwezi wa 4. Huko Masisi, familia nyingi zimekimbia zaidi ya mara moja. Mtu akikimbia anabeba mtoto, sufuria na godoro. Kibuyu cha msimuliaji kinabaki nyumbani, na mzee akifia ukimbizini, anaondoka na nyimbo zake.

Kazi ya kuokoa haihitaji makumbusho kwanza. Simu inatosha kushika sauti, kama mzee amekubali. Kisha iandikwe: jina lake, kijiji, tarehe, na jina la wimbo. Kopi moja ibaki kwa familia. Na mnunuzi akija kuulizia ngoma ya zamani, aulizwe naye: anajua ilikuwa ya nani?